Nani Mtunzi wa Britannia?

Mtu akifa katika Ultima Online haondoki. Anasimama palepale, kavaa joho la kijivu, anaitazama maiti yake imelala chini na mali yake yote. Akitaka kuomba msaada anaandika maneno kama kawaida, lakini walio hai hawayasomi. Wao wanaona "OooOoo" tu. Ili umwelewe marehemu ni lazima uwe umejifunza stadi ya kuzungumza na mizimu, na stadi hiyo inakula nafasi ambayo ungeitumia kujifunza upanga au ushonaji. Kwa hiyo wengi hawajifunzi. Marehemu anazunguka mjini akilia oo, oo, mpaka apate mganga wa kumfufua, na akirudi pale alipofia mara nyingi anakuta wajanja wameshabeba kila kitu.

Nimeanza na mzimu huyu makusudi. Sisi tuliopitia darasa la fasihi tumezoea kuiuliza kazi ya sanaa maswali yale yale: wahusika ni akina nani, mandhari ni wapi, mgogoro ni upi, dhamira ni ipi. Mwulize maswali hayo mshikaji anayekesha kwenye gemu, atakuona unazuga tu. Lakini mzimu wa Britannia anayajibu yote kwa mkupuo, wala hakuna aliyemwandikia sentensi hata moja. Kanuni moja ya kompyuta imezaa huzuni, kichekesho na mgogoro. Hiyo ni fani, jamani. Na palipo na fani, mhakiki ana kazi.

Swali langu ni moja: gemu za uhusika za mtandaoni, zile ambazo maelfu ya watu wanaingia ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja, mtunzi wake ni nani? Si swali la kuchezea maneno. Anayejulikana kuwa mtunzi ndiye mwenye haki ya kusema kazi iishi au ife.

Mfalme aliyeungua

Tuweke msingi kwanza. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na baadaye Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Ulisoma maelezo ya chumba, ukaandika unachotaka kufanya, na watu wengine waliokuwamo humo wakaona ulichofanya. Kwa maneno mengine, mzazi wa gemu hizi zote alikuwa maandishi matupu. Hilo tusilisahau tunapoambiwa kwamba gemu na fasihi ni mbingu na ardhi.

Ultima Online ilitoka Septemba 1997, kazi ya kampuni ya Origin Systems ya Texas, Marekani, chini ya Richard Garriott. Mchezaji alilipa dola 9.95 kwa mwezi. Alipewa jumla ya pointi 700 za stadi na akazigawa apendavyo: uhunzi, uvuvi, wizi, muziki, uchawi. Hakuna aliyekuambia wewe ni shujaa. Ungeweza kuingia Britannia, ukachimba madini karibu na mji wa Minoc, ukayayeyusha, ukafua panga na kuziuza mlangoni mwa benki, na maisha yako yakaishia hapo. Watu walifanya hivyo kweli, tena kwa kulipia.

Agosti 1997, gemu ikiwa bado kwenye majaribio, Garriott mwenyewe aliingia akiwa katika uhusika wa Lord British, mfalme wa nchi hiyo. Mfalme alitakiwa awe hagusiki na kifo. Lakini seva ilikuwa imezimika muda mfupi kabla, na aliporudi kinga yake haikuwa imewashwa. Mchezaji mmoja aliyejiita Rainz akawasha uchawi wa moto, na mfalme akaanguka mbele ya raia zake. Watumishi wa kampuni wakajibu kwa kumwaga mashetani uwanjani, wakaua watu kibao ambao hawakuwa na kosa. Rainz baadaye akafungiwa.

Hebu tazama hapo, msomaji. Tamthilia ya mfalme kuuawa, jeshi kulipiza kisasi kwa wasiohusika, na muuaji kufukuzwa nchini. Hakuna aliyeiandika. Garriott alikuwa na hadithi yake aliyokuja kuihutubia, na hadithi hiyo leo hakuna anayeikumbuka. Inayosimuliwa mpaka leo ni ile iliyomponyoka.

Mfano wa pili. Watunzi walikuwa wamesuka ikolojia nzima: mbwa mwitu wale sungura, na wanyama wakali wakikosa windo wasogee mijini. Ilikuwa kazi ya akili sana. Milango ilipofunguliwa, wachezaji waliua kila chenye miguu minne kwa kasi ambayo mfumo haukuweza kuzaa wengine. Mbwa mwitu hawakupata nafasi ya kuwinda wala kuonekana wanawinda. Mfumo ukaondolewa. Mtunzi alichemsha, si kwa uvivu, bali kwa sababu alisahau kwamba msomaji wake ana panga mkononi.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: kampuni iliandika sheria, wachezaji wakaandika hadithi.

Uhuru na woga

Sheria za Britannia ya mwanzo ziliruhusu mtu kumuua mtu na kumwibia nje ya mji. Majina ya wauaji yaligeuka mekundu ili wenzao wawajue. Woga huo ulizaa mambo mazuri: watu walisafiri kwa makundi, wakaunda sungusungu wao, sifa ya mtu ikawa na thamani kuliko silaha yake. Ulizaa na ubaya: mgeni aliyelipia mwezi wake wa kwanza alichinjwa akiwa na nguo ya mwanzo na kisu butu, akafa tena akienda kuchukua vitu vyake, akafunga kompyuta asirudi.

Mwaka 2000 kampuni iliugawa ulimwengu mara mbili. Felucca ikabaki na sheria za zamani. Trammel ikawa nakala ya nchi ile ile, ila huwezi kumdhuru mtu asiyekubali. Wengi walihamia Trammel. Wazee wa gemu hawajaacha kubishana juu ya mwaka huo. Kundi moja linasema Trammel iliua tamthilia. Jingine linasema iliokoa watu.

Mimi nasema makundi yote mawili yanakosea hoja ileile. Mgogoro, kama tulivyofundishwa na kama tunavyouona katika maisha, unahitaji pande mbili zenye uwezo wa kutenda. Mgeni anayechinjwa getini hana alichochagua, kwa hiyo kifo chake si tanzia, ni uonevu tu. Hapo wanaoilaumu Felucca wana haki. Lakini tiba iliyotolewa ilikuwa kumtenga mwizi na aliyeibiwa katika nchi mbili zisizokutana. Mtaa ukagawanywa: huku kondoo watupu, kule chui watupu. Chui wakabaki wanakulana wenyewe, na kondoo wakabaki wanapamba nyumba zao. Amani ilipatikana kwa kufuta ujirani, na hadithi hukaa kwenye ujirani.

Mkombozi mwenye foleni nyuma yake

World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, ilichagua njia nyingine: hadithi irudi mikononi mwa waandishi wa kampuni. Kibiashara walitesa. Oktoba 2010 walitangaza wateja zaidi ya milioni 12. Lakini tuisome kama kazi ya maandishi.

Mtu mwenye alama ya mshangao ya njano kichwani anakusimamisha. Anakuambia kijiji kiko hatarini na tumaini ni wewe. Unakwenda kumuua adui, unakuta wachezaji wengine wamesimama hapo wanamngoja afufuke, kwa sababu na wao ni tumaini pekee la kijiji hicho hicho. Kitabu kinaweza kumwambia msomaji mmoja "wewe peke yako". Ulimwengu wenye mamilioni ukisema hivyo, ni uongo mtupu, na kila aliye kwenye foleni anajua.

Jeff Kaplan, mmoja wa wakuu wa gemu hiyo, aliwaeleza watunzi wenzake mwaka 2009 kwamba maelezo ya kazi moja yaliwekewa kikomo cha herufi 511. Hizo ni pungufu kuliko aya nyingi za ukurasa huu. Aliwasihi waache kuandika vitabu ndani ya gemu. Akatoa mfano wa kazi aliyoitunga mwenyewe na kuiona mbaya: The Green Hills of Stranglethorn, ambapo unatafuta kurasa za muswada uliotawanyika msituni. Kurasa zinaanguka ovyo kutoka kwa maadui, zinajaza mfuko, ile unayoitaka haipatikani na zile zisizo na kazi unazo tatu tatu. Watu waliuza kurasa, wakabadilishana kurasa, wakazilaani. Kuzisoma, walau kidogo, wapi!

Kwa sisi wa huku kazi hiyo ina jambo zaidi. Mwenye muswada anaitwa Hemet Nesingwary. Panga upya herufi za jina hilo utapata Ernest Hemingway. Jina la kazi nalo linacheza na Green Hills of Africa, kitabu cha Hemingway cha mwaka 1935 kuhusu safari yake ya kuwinda Tanganyika, maeneo ya Ziwa Manyara. Naam, nchi yetu imo ndani ya World of Warcraft. Imeingia kwa jicho la mwindaji: kambi, bunduki, orodha ya wanyama wa kuua, kumi wa aina hii na kumi wa aina ile. Kitabu cha Hemingway, pamoja na kasoro zake, kina wafuatilia nyayo na wabeba bunduki wa hapa, wana majina, wanasema Kiswahili. Gemu ilichukua bunduki na mazingira, ikawaacha hao. Sisemi kulikuwa na njama. Nasema nakala ya nakala hupoteza kwanza wale ambao mwandishi wa mwanzo aliwaweka pembeni. Na walio pembeni wasipojiandika, ndivyo wanavyofutika, taratibu, bila mtu kuwachukia.

Vita ya bili isiyolipwa

Mfano wa tatu ni EVE Online ya kampuni ya CCP, Iceland, iliyotoka Mei 2003. Hii haikugawa nchi mbili. Iliacha anga moja, ikapanga hatari kwa mahali: penye polisi, anayekushambulia ataadhibiwa, ingawa huenda wewe utakuwa umeshakufa, pasipo polisi, kila mtu na lake. Mgeni ana pa kuanzia, mwizi ana pa kuibia, na barabara kati yao iko wazi. Ndiyo ile njia ambayo Britannia haikuipata.

Matunda yake? Tarehe 27 Januari 2014 kundi moja kubwa lilikosa kulipia bili ya umiliki wa eneo liitwalo B-R5RB. Bili tu, kama ya maji. Maadui wakaona mwanya. Mapigano yalidumu saa 21 hivi, wachezaji zaidi ya 7,500 walishiriki, na meli 75 za daraja kubwa kuliko zote zikateketea. Hasara ilikadiriwa kupita dola 300,000 za kweli. Huwezi kumlipa mwandishi atunge mwanzo wa vita wenye kejeli kama huo.

Na hapa ndipo mwandishi anarudi. Mwaka 2016 Andrew Groen alitoa kitabu, Empires of EVE, historia ya tawala za wachezaji wa gemu hiyo. Alifanya kazi ya mwanahistoria: kuwahoji waliokuwepo, kulinganisha maneno ya mshindi na ya aliyeshindwa. Asiyewahi kugusa EVE anaweza kukisoma. Gemu ilizalisha matukio, lakini ilihitaji mtu wa kalamu ili matukio yawe simulizi.

Kabati na daftari

Sasa tuje kwenye kabati. Kila kijiwe kina mtu wa kukusanya gemu za kompyuta: CD zimepangwa, diski ya nje imejaa, akaunti ya Steam ina majina mamia. Swali la mtunzi ni nani linageuka kuwa swali la nani anamiliki, nalo lina majibu matatu.

Gemu ya mtu mmoja kama Planescape: Torment ya mwaka 1999, yenye maandishi mengi kuliko riwaya nyingi, ukiwa na faili lake lisilo na kufuli, ni kama kitabu rafuni. Utalirudia utakavyo. Duka la GOG lilianza mwaka 2008 kwa kuuza gemu za zamani kwa namna hiyo, na programu ya DOSBox inachezesha hata zile za enzi za DOS.

Gemu iliyo kwenye akaunti, kama zile za Steam iliyoanza 2003, ni ruhusa ya kutumia. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi Januari 2025, inayomtaka muuzaji amwambie mnunuzi wazi kwamba ananunua leseni. Sheria haitungwi kwa jambo ambalo watu walikuwa wanalijua.

Gemu ya mtandaoni ni jibu la tatu. CD yake ni tiketi tu. Kampuni ikizima seva, unabaki na plastiki. City of Heroes ilizimwa tarehe 30 Novemba 2012. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024 na walioilipia hawakuweza kuicheza hata peke yao. Hapo ndipo ilipoanza kampeni ya Ulaya iliyopata saini zaidi ya milioni moja mwaka 2025. Na si za mtandaoni tu: utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena madukani.

Mashabiki wa City of Heroes hawakukubali. Seva yao ya siri ilijulikana mwaka 2019, na Januari 2024 mojawapo ya jamii zao ilipewa leseni rasmi na kampuni mwenye mali. Blizzard nao, baada ya kushinikiza seva ya mashabiki ifungwe mwaka 2016, walirudisha wenyewe World of Warcraft ya kale Agosti 2019. Nchi ilirudi, milima ile ile, njia zile zile. Ila mara ya kwanza watu walipotea njia na kuulizana. Mara ya pili kila mmoja alikuja na ramani na hesabu tayari. Sheria zilirudi, kutojua hakukurudi. Unaweza kuhifadhi uwanja wa ngoma, usihifadhi ngoma.

Ndiyo maana namwambia mkusanyaji: kabati lako liwe na daftari. Andika jina la gemu, mwaka, toleo, faili liko wapi, nakala ya pili iko wapi, na mara ya mwisho uliijaribu lini. Kwa gemu ya mtandaoni ongeza kitu kingine: picha za skrini zenye tarehe, mazungumzo mliyoandikiana, majina ya kundi lenu, nani alisaliti na kwa nini. Seva ikizimwa, hiyo ndiyo matini pekee itakayobaki.

Zamu yetu

Wapo watakaosema hayo ni ya wenzetu. Kwa sehemu ni kweli. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu na kuanza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kuchelewa. Miaka 12 ya mwanzo ya Britannia ilitupita. Hata leo kijana wa Dar au Nairobi akiingia gemu hizi mara nyingi anaunganishwa na seva ya Ulaya, upanga wake unachelewa nusu pumzi nyuma ya mwenzake, na akiandika Kiswahili kwenye kisanduku cha mazungumzo wengi wanaona "oo, oo".

Lakini wako wanaoingia. Wana makundi yao, ugomvi wao, lakabu zao, madeni ya dhahabu isiyoshikika. Hayo hayamo katika faili lolote la kampuni ya California au Reykjavik. Kampuni itabaki na sheria na itazima taa siku itakayoona hailipi. Hiyo ni haki yake kwa mujibu wa leseni tuliyoibonyeza bila kusoma. Hadithi haikuwa ndani ya leseni.

Kwa hiyo, mwandishi chipukizi, acha kuandika hadithi ya tano mwaka huu kuhusu kijana aliyekuja mjini na kupotoka. Andika ya yule dada anayesimamia kundi la watu 40 kutoka nchi saba kwa lugha tatu, usiku umeme ukikatika. Iandike ili asiyecheza aelewe, na aliyecheza asione umemdanganya. Ipimwe kwa mizani ile ile ya fani na maudhui tunayoitumia kwa riwaya. Ikiwa mbovu tutaisema hapahapa.